New 52: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Siku DC Walipofuta Historia ya Mashujaa Wao

Kila zikivuma habari kwamba mchapishaji fulani wa katuni anataka kuanza upya ulimwengu wa mashujaa wake, lazima atajwe DC, mchapishaji wa Marekani wa Superman na Batman, na mwaka 2011. Walioanza kusoma juzi hushangaa kuwaona mashabiki wakongwe bado wana kinyongo. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, na majibu yangu.

New 52 ilikuwa nini hasa?

Mwisho wa Mei 2011 DC Comics walitangaza kwamba watasimamisha mifululizo yao yote ya mashujaa na kuanza mipya 52, kila mmoja ukianzia toleo namba 1. Wa kwanza kutoka ulikuwa Justice League, ulioandikwa na Geoff Johns na kuchorwa na Jim Lee, tarehe 31 Agosti. Mingine 51 ilifuata ndani ya Septemba. Hata Action Comics, kitabu kilichomleta Superman duniani mwaka 1938 na kilichokuwa kimefika toleo la 904, kilirudishwa kwenye namba 1. Detective Comics, nyumbani kwa Batman, kilikatwa kwenye namba 881.

Matoleo ya kidijitali nayo yalianza kutoka siku ileile ya toleo la karatasi. Kwa msomaji anayeishi mbali na duka la katuni, na wengi wetu tunaosoma kwa Kiswahili tuko mbali kweli, hilo lilikuwa jambo kubwa, na nawasifu kwalo bila kinyongo.

Kwa nini waliamua kufanya hivyo?

Mauzo yalikuwa yakishuka, na wasomaji walikuwa wanazeeka bila kupokewa na vijana. Dan DiDio na Jim Lee, waliokuwa wachapishaji wenza, walitaka mlango ulio wazi kwa mtu ambaye hajawahi kufungua katuni maishani. Hoja hiyo ina uzito. Ukimpa mgeni toleo namba 881 atauliza matoleo 880 yaliyotangulia yako wapi.

Ndani ya hadithi, historia ilifutwaje?

Kupitia mfululizo mfupi wa matoleo matano ulioitwa Flashpoint. Barry Allen, yaani Flash, anarudi nyuma ya wakati kumwokoa mama yake asiuawe. Kwa kufanya hivyo anaivuruga dunia nzima: Bruce Wayne, tunayemjua kama Batman, ndiye aliyekufa utotoni, na baba yake, Thomas Wayne, ndiye aliyekuwa Batman. Barry anapojaribu kurekebisha alichoharibu, dunia inayorudi si ileile aliyoiacha. Toleo la mwisho lilitoka siku moja na Justice League namba 1.

Lakini si walishawahi kufanya hivyo? Kwa nini safari hii ndiyo iliuma?

Walishafanya. Mwaka 1985 Crisis on Infinite Earths, ya Marv Wolfman na George Pérez, iliunganisha dunia nyingi zikawa moja, na ndani yake walikufa Supergirl na Barry Allen mwenyewe. Mwaka 1994 ikaja Zero Hour, nayo ikapanga tarehe upya. Malalamiko yalikuwepo nyakati zote hizo.

Tofauti naiona hivi. Crisis ilikuwa na matoleo 12 ya kuaga. Supergirl alipokufa, Superman alimbeba mikononi, na msomaji akapata nafasi ya kuomboleza pamoja naye. Mwaka 2011 watu wengi waliondoka bila hata mstari mmoja wa kuagwa. Wally West, aliyerithi jina la Flash baada ya kifo cha Barry, alikuwa Flash kwa zaidi ya miaka 20, ana mke na watoto. Septemba alikuwa hayupo, na hakuna mhusika hata mmoja aliyeuliza aliko. Stephanie Brown, aliyekuwa Batgirl hadi mwezi uliotangulia, hakuwepo. Cassandra Cain, Batgirl aliyemtangulia, hakuwepo. Justice Society, wazee walioianza kazi hii tangu miaka ya 1940, hawakuwepo. Ndoa ya Clark Kent, yaani Superman, na Lois Lane, iliyofungwa mwaka 1996, ilikuwa haijawahi kufungwa.

Watu waliolia kwa ajili ya Wally walidhihakiwa kwamba wanalilia mtu wa kuchorwa. Mimi nasema walikuwa na haki. Mtu aliyemfuata mhusika kila mwezi tangu akiwa shule ya msingi mpaka akapata ajira yake ya kwanza amewekeza kitu cha kweli, na aliyepokea fedha zake miaka yote hiyo alikuwa na deni la kumuaga vizuri.

Kwa hiyo mashabiki walikuwa wanapinga mabadiliko?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Shabiki wa katuni amezoea mabadiliko kuliko mtu yeyote. Kilichowachosha wengi ni kwamba DC hawakuthubutu kuanza upya kikamilifu. Vitabu vya Batman na vya Green Lantern vilikuwa vinauza, kwa hiyo historia yao iliachwa karibu yote. Superman na Wonder Woman wakaanza upya.

Fikiria ligi kuu inayofutiwa matokeo yote ya miaka 25, halafu timu mbili zenye washabiki wengi zinaambiwa zibaki na vikombe vyao. Hakuna atakayekubali, hata wa timu hizo mbili.

Mambo yakagoma kuingiliana. Tuliambiwa mashujaa wamekuwepo kwa miaka mitano tu. Ndani ya miaka hiyo mitano Batman amelea Dick Grayson akakua na kuwa Nightwing, akamchukua Jason Todd akafa na kufufuka, akampata Tim Drake, na sasa ana mtoto wa kumzaa, Damian, mwenye umri wa miaka kumi. Wahariri walipoulizwa, majibu yalibadilika kulingana na mwezi. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mgeni ukawa unamwongoza kwenye hesabu ambayo hata mwenyeji hawezi kuikokotoa.

Mbona jina la Barbara Gordon linatajwa sana kwenye malalamiko haya?

Kwa sababu kwake walikutana watu wawili wenye haki, na mmoja tu ndiye aliyeweza kupata alichotaka.

Mwaka 1988, katika The Killing Joke, Joker, adui wa Batman, alimpiga risasi Barbara, aliyekuwa Batgirl kabla ya Cassandra na Stephanie, akapooza miguu. Hadithi ile ilimtumia kama chombo cha kumtesa baba yake, kamishna wa polisi, na ikamwacha hapo. Waliomwokoa ni Kim Yale na John Ostrander, ambao mwaka 1989 walimrudisha akiwa Oracle: mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, nyuma ya kompyuta zake, ambaye mashujaa wote walimtegemea kwa taarifa. Batman alimpigia simu. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa mhusika mwenye ulemavu aliyeheshimika kuliko wengine wote katika katuni za Marekani, na aliheshimika kwa sababu ya akili yake.

New 52 ilimsimamisha akawa Batgirl tena. Wasomaji wenye ulemavu waliandika kwa uchungu: katika dunia ambayo watu hufufuka na migongo ya akina Batman hupona, Barbara alikuwa mmoja wa wachache waliobaki kama wao. Upande wa pili walikuwepo waliomwambia mchapishaji kwa miaka mingi kwamba ni aibu Batman avunjwe mgongo apone, na msichana abaki alivyo.

Gail Simone, mwandishi aliyemwandika Oracle kwa mapenzi kwa miaka kadhaa, ndiye aliyepewa kazi hiyo. Hakuipita haraka. Katika toleo la kwanza muuaji anaelekeza bastola kiunoni mwa Barbara, palepale risasi ya Joker ilipoingia, naye anaganda. Hawezi kusogea, na mtu anakufa mbele yake kwa sababu hiyo. Baadaye tukaambiwa alitibiwa kwenye kliniki huko Afrika Kusini. Ulikuwa uandishi wenye heshima, lakini haukujaza nafasi ya Oracle. Mpaka leo naona DC wangemwacha Barbara kwenye kompyuta zake na kumwachia Stephanie joho la Batgirl.

Na hasira kuhusu Starfire na Catwoman?

Hapo sina la kuwatetea. Toleo la kwanza la Red Hood and the Outlaws lilimwonyesha Starfire akiwa na bikini ndogo, hana kumbukumbu ya waliompenda, na anajitoa kwa mwanamume yeyote aliye karibu. Watoto wengi walimjua Starfire kupitia katuni za televisheni za Teen Titans, ambako alikuwa mchangamfu, mwaminifu kwa rafiki zake. Mama mmoja Mmarekani alimwomba binti yake wa miaka saba, mpenzi mkubwa wa Starfire, atoe maoni, na majibu ya mtoto yalisambaa kila kona kwa sababu alisema waziwazi kwamba huyu si yule anayemjua. Wiki ileile, toleo la kwanza la Catwoman lilimalizika na yeye na Batman wakifanya mapenzi. Kampuni iliyosema inatafuta wasomaji wapya ilionyesha ni wasomaji gani haikuwafikiria.

Kulitokea nini San Diego?

Kwenye Comic-Con, tamasha la mashabiki wa katuni, la Julai 2011, kabla vitabu havijatoka, shabiki mmoja aliyevaa kama Batgirl alisimama kwenye kikao baada ya kikao akiuliza swali moja: mbona waandishi na wachoraji wanawake wamepungua kwenye orodha mpya, kutoka takriban asilimia 12 hadi asilimia 1? Dan DiDio alijibu kwa kumuuliza amwajiri nani. Kuna waliomzomea yule dada ukumbini. Siku chache baadaye DC walitoa tamko lililosainiwa na wachapishaji wote wawili, wakikiri kwamba wamesikia na wataajiri wanawake zaidi.

Alikuwa mtu mmoja, mwenye nauli yake na vazi la kushona, na alijibiwa kwa maandishi.

Ni kweli kulikuwa na Batman wa Kongo?

Ni kweli, na ni swali ninalolipenda kuliko mengine. Mmoja wa mifululizo 52 ulikuwa Batwing, ulioandikwa na Judd Winick na kuchorwa na Ben Oliver. Shujaa wake ni David Zavimbe, polisi katika mji wa kubuni wa Tinasha, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wazazi wake walikufa kwa UKIMWI, yeye na kaka yake Isaac wakachukuliwa na wanamgambo na kupewa bunduki wakiwa watoto. Batman anapoamua kuwa na wawakilishi duniani kote, ndiye anayemchagua.

Michoro ya Oliver ilikuwa ya kipekee. Nyuso zilikuwa nyuso za watu, kila moja na yake, ngozi nyeusi ikipokea mwanga wa jua inavyopaswa, jambo ambalo katuni nyingi za wakati ule zilishindwa. Kumwona Mwafrika juu ya jalada la kitabu chenye nembo ya popo, rafu moja na Superman, kulitugusa wengi wetu.

Ila kuna kilichokosekana. Kongo ya Batwing ni ya mapanga, polisi wala rushwa na watoto wanajeshi. Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi anajua hayo yapo, lakini anajua pia muziki, sokoni, foleni, mashangazi wenye maneno, vichekesho vya mtaani. Vyote hivyo huvioni Tinasha. Hukuti hata mtu anayemsalimia jirani yake kwa namna ambayo wewe na mimi tungeitambua. Winick alimpenda David, hilo linaonekana, lakini aliiandika nchi kutoka kwenye taarifa za habari.

Halafu, toleo la 19, mwaka 2013, David aliacha kazi. Vazi likapewa Luke Fox, mtoto wa tajiri wa Gotham. Mfululizo ukaisha kwenye toleo la 34. Shujaa pekee wa Kiafrika aliyekuwa na kitabu chake aliondolewa ili kitabu kihamie Marekani. Kelele kuhusu hilo zilikuwa ndogo sana zikilinganishwa na kelele za chupi nyekundu ya Superman, na hilo bado linanikera.

Chupi nyekundu?

Superman mpya alivaa suti yenye kola ndefu, bila ile chupi ya juu. Watu waligombana kwa miaka. Ilirudi kwenye Action Comics namba 1000, Aprili 2018.

Je, vitabu vyote vilikuwa vibaya?

Hata kidogo. Batman ya Scott Snyder na Greg Capullo ilituletea Baraza la Bundi, kundi la matajiri waliojificha ndani ya Gotham kwa vizazi. Kuna toleo ambalo Batman anapotea kwenye njia zao za chini ya ardhi, na kurasa zenyewe zinageuka: inabidi uzungushe kitabu mkononi, upande, kisha juu chini, mpaka nawe unachanganyikiwa kama yeye. Wonder Woman ya Brian Azzarello na Cliff Chiang iliwachukua miungu ya Wagiriki na kuwafanya familia yenye fitina za urithi. Wapo waliochukia kwamba sasa Diana ni binti wa Zeus badala ya mtoto aliyefinyangwa kwa udongo na mama yake, na nawaelewa. Animal Man ya Jeff Lemire ilikuwa hadithi ya baba, mke na watoto kabla haijawa ya kutisha.

Vitabu vilivyofaulu ni vile ambavyo mwandishi na mchoraji waliachiwa nafasi. Vilivyoanguka, mara nyingi vilikuwa vimeshikwa mno na wahariri.

Waandishi wenyewe walilalamika?

Ndiyo, na hadharani. George Pérez, yuleyule wa Crisis, aliondoka kwenye Superman baada ya matoleo machache akieleza kwamba alikuwa akiandikishwa upya kila mara na hakuambiwa Superman wa Action Comics anakwenda wapi. Septemba 2013 J.H. Williams III na W. Haden Blackman waliiacha Batwoman wakisema hadithi zao zilikuwa zikikatwa dakika za mwisho, na kwamba walikatazwa kumwozesha Kate Kane, yaani Batwoman, kwa mchumba wake Maggie Sawyer. DiDio alieleza baadaye kwamba msimamo ulikuwa mashujaa wa familia ya Batman wasiwe na maisha ya ndani yenye furaha. Maelezo hayo yaliwaudhi mashabiki zaidi, kwa sababu Superman naye alikuwa tayari amepokonywa Lois.

Mauzo yalikwendaje?

Mwanzoni yalipaa. Maduka mengine yalifunguliwa saa sita usiku, na Justice League namba 1 ilivuka nakala 200,000 na kuchapwa tena na tena. Oktoba 2011 DC waliwapita washindani wao Marvel, jambo ambalo lilikuwa nadra. Baadaye msisimko ulipoa. Mapema 2012 mifululizo sita ilitangazwa kuishia toleo la nane, ikiwemo Mister Terrific na Static Shock, yote miwili ya mashujaa weusi. Wenye maduka ndio waliobaki na mzigo, kwani kwa kawaida katuni ambazo hazikununuliwa hawawezi kuzirudisha.

Kelele za mashabiki zilibadilisha chochote?

Zilibadilisha. Desemba 2012 Gail Simone alifukuzwa kwenye Batgirl kwa barua pepe, wasomaji wakapaza sauti, na kabla mwezi haujaisha akarudishwa. Stephanie Brown alirudi mwaka 2014 katika Batman Eternal, Cassandra Cain mwaka uliofuata. Ni kweli DC wamewahi kuwasikiliza mashabiki kwa njia mbaya pia: mwaka 1988 waliwapigisha kura kwa simu kuhusu Jason Todd, 5,343 wakataka afe na 5,271 aishi, naye akafa kwa tofauti ya kura 72.

Badiliko kubwa lilikuja 25 Mei 2016, na DC Universe: Rebirth. Aliyeiandika ni Geoff Johns, mwandishi wa Flashpoint, na ndani yake kuna maungamo ya wazi kwamba kitu kiliibwa. Wally West amenasa nje ya wakati, anayeyuka. Anamwendea mkewe Linda, Linda hamkumbuki. Anamwendea Barry kumshukuru na kumuaga tu, ameshakata tamaa. Barry anamtazama, anakumbuka jina lake, anamshika mkono na kumvuta atoke, kisha wanakumbatiana wakilia. Ulikuwa ukurasa ambao mashabiki wake walikuwa wameusubiri karibu miaka mitano.

Mwezi uliofuata Action Comics ilirudi kwenye namba yake ya zamani, ikaendelea na 957.

Je, kuna mashabiki waliovuka mipaka?

Wapo. Kumtukana mchoraji au kumtishia mwandishi kwa sababu ya katuni hakuna utetezi, na waliofanya hivyo waliwaharibia wenzao wenye hoja. Waandishi wengi walikabidhiwa maamuzi ambayo si yao.

Sijawahi kusoma New 52. Nianzie wapi?

Anza na Batman, toleo la 1 hadi la 11, halafu Wonder Woman hadi la 35, ambapo Azzarello na Chiang wanamaliza. Ukipenda vya kutisha, Animal Man. Batwing soma matoleo ya Oliver, taratibu, uangalie nyuso. Justice League iache ya mwisho. Na kabla ya Rebirth, tafuta angalau juzuu moja ya zamani ya Wally West na Linda Park, vinginevyo ule ukurasa wa kukumbatiana utaupita kama ukurasa mwingine wowote.